Kushukia Njiani

Katika mwambao wa Ufipa, mtu akija na meli aliulizwa kwanza ameshukia wapi. Akijibu Kasanga, basi ameteremka kwa ngazi, kwenye gati, mpagazi nyuma yake. Akijibu Ninde, Wampembe au Kala, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi: ameshukia majini, ubavuni mwa meli, ndani ya mtumbwi unaopanda na kushuka na wimbi, kamba mkono mmoja na viatu mkono mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Wampembe, mwalimu mstaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitishia Kigoma, nilikosoma na kufundisha. Likizo kwetu ilikuwa meli. Barabara ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Namanyere ilikuwa ya kubahatisha wakati wa kiangazi, na masika ilikuwa kama haipo. Kwa hiyo kila ninaposoma habari za MV Liemba, meli yetu hiyo ya Ziwa Tanganyika, na zimeandikwa nyingi, huwa natafuta mahali tulipotajwa sisi tulioshukia njiani. Sipaoni. Nawaona Wajerumani, vita, kuzama na kuibuliwa, na ile sinema ya 1951, The African Queen, ambayo husemwa imetokana na vita vya ziwa letu. Kisha meli inafika Mpulungu na habari inakwisha, utadhani wote waliopanda Kigoma walikuwa wanakwenda Zambia.

Nianze na hao Wajerumani, ili nimalizane nao mapema.

Meli iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa kuja Dar es Salaam. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na masanduku yakapanda treni. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo. Waliiunganisha upya Kigoma pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika, ambao majina yao hakuna aliyeona haja ya kuyahifadhi. Februari 1915 ikateremshwa majini, urefu wake mita 71 hivi, ikiitwa Graf von Goetzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipolipuka.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa vita. Ilisomba askari na shehena kati ya Kigoma na Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza walizipaka injini grisi nene, kwa kutumaini kwamba siku moja wangerudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua Machi 1924, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone aliwasikia watu wa kusini wakiliita ziwa lao. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake: injini zilikuwa nzima.

Basi. Hayo ndiyo yanayoandikwa kila mwaka. Na tangu hapo ndipo historia ninayoitaka mimi inapoanza, ingawa mizizi yake iko nyuma zaidi.

Kushukia njiani ni desturi ya zamani kuliko chuma chochote kilichowahi kuelea Tanganyika. Ujiji ilipokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, safari ya ziwani ilikuwa ya kuambaa. Mtumbwi mkubwa wenye wapiga makasia pande zote mbili uliondoka alfajiri, ukapumzika jua likikaza, ukavutwa mchangani kabla giza halijaingia. Burton na Speke walikwenda hivyo mwaka 1858. Livingstone na Stanley nao, walipotoka Ujiji mwaka 1871 kwenda kuutazama mdomo wa mto Rusizi, walikwenda hivyo hivyo. Kila jioni watu wote walishuka, na aliyekuwa amefika karibu na kwao, asubuhi haonekani. Mwenye mtumbwi alitafuta mtu mwingine wa kushika kasia, safari ikaendelea. Wasafiri wa Kizungu waliita huo utoro. Kwa mpiga kasia mwenyewe, alikuwa amefika.

Meli ya mvuke ya kwanza katika ziwa, Good News ya wamisionari wa London, iliteremshwa upande wa kusini mwaka 1885. Baadaye zikaja za Wajerumani, Hedwig von Wissmann na wenzake. Meli ya chuma haivutwi mchangani. Inahitaji kina cha maji na gati, na gati lilikuwepo mahali pachache mno kwenye mwambao wa zaidi ya kilomita 600. Ndipo safari ikagawanyika: sehemu ya chuma iliyokuwa na ratiba, tiketi na nahodha aliyevaa kofia, na sehemu ya mti iliyokuwa na Mungu na wapiga makasia.

Sehemu hiyo ya pili nataka kuieleza vizuri, maana wengi wanaoipenda Liemba waliitazama kutoka juu, wamejiegemeza kwenye reli za deki ya daraja la kwanza, chupa ya bia mkononi.

Tukitoka Kigoma jioni, vituo vilikuja kimoja kimoja usiku kucha, mchana, na usiku tena: Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, na vingine vidogo katikati yake. Ndipo Ninde, Wampembe na Kala, halafu Kasanga, kisha mpaka na Mpulungu. Ukikaribia kituo chako huhitaji kuambiwa. Honi inalia mara ya kwanza meli ikiwa bado mbali, na aliyelala sakafuni daraja la tatu, kichwa juu ya kifurushi, anaamka na kuanza kuhesabu watoto. Injini inapungua. Taa kubwa inawashwa na kuelekezwa majini, na ndani ya mwanga huo unawaona wanakuja: mitumbwi, na baadaye maboti yenye injini, wote wakipiga kelele, wote wanataka kuwa wa kwanza kugusa meli.

Wa kwanza anarusha kamba na kujifunga. Wa pili anajifunga kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili, mpaka panakuwa na kijiji kizima kinachoelea ubavuni. Mlango wa deki ya chini unafunguliwa. Kati ya kizingiti chake na mtumbwi pana nafasi isiyotulia: sasa mtumbwi uko sawa na goti lako, sasa uko chini kabisa. Siri ni kungoja mtumbwi upande juu, uuache mguu wako uende nao unapoanza kushuka. Akina mama hawakuwa na muda wa kujifunza siri, maana mikono yao ilikuwa imejaa. "Mtoto kwanza! Mama, lete mtoto!" Na mama alimtoa mtoto wake, gizani, kwa mikono ya mtu asiyemwona sura. Mtoto alipokezwa kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na kilio chake ndicho kilichomwambia mama amefikia wapi.

Wakati huo huo wengine wanapanda. Magunia ya dagaa yanapanda, magunia ya mahindi na maharage yanapanda, kuku wanapanda wamefungwa miguu. Kutoka juu yanashuka madumu ya mawese ya Kigoma, chumvi ya Uvinza, sabuni, vitenge kutoka Kongo. Winchi inalia juu ya vichwa vya watu. Mtu mmoja anagombana na mwingine juu ya gunia ambalo halijulikani linapanda au linashuka. Pakiwa na shehena nyingi ilichukua saa nzima au zaidi, pakiwa na kidogo ilikuwa robo saa, kisha honi, na mitumbwi inafunguliwa haraka kabla mkondo wa rafadha haujaivuta.

Nauli ya mtumbwi ilitajwa baada ya abiria kuketi. Sikumwona hata mmoja aliyerudi melini kwa sababu ya bei. Hatua za mwisho ulibebwa mgongoni na vijana waliosimama majini, na hiyo nayo ilikuwa na bei yake.

Kulikuwa na majira. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi hupiga, na huku kusini mwa ziwa lina nafasi ya kutosha kujenga mawimbi makubwa. Usiku wa namna hiyo mitumbwi ilikuja au haikuja. Isipokuja, abiria alipitilizwa hadi Kasanga, akaona taa za kwao zikipita upande wa kushoto, akasubiri meli irudi kutoka Mpulungu ajaribu bahati tena. Wapo walioona kwao mara mbili kabla ya kufika.

Baba yangu alipenda kusimulia habari za mdogo wake babu, aliyekwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, kule Kilosa, zama za Mwingereza. Manamba wa magharibi walirudi kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha Liemba. Huyu babu alikata tiketi ya Kasanga. Alikuwa na sanduku la bati na baiskeli mpya ya Raleigh, na watu wa Kigoma walikuwa wamekwisha kumwonya kuwa Kasanga, pale gatini, wapo wanaomngoja: ndugu, wadai, na karani wa kodi mwenye daftari. Basi meli iliposimama Ninde, usiku wa manane, alishuka. Sanduku lilipokewa salama. Baiskeli ilifungwa kamba ikateremshwa kutoka dekini, ikapiga maji, ikavutwa juu, ikateremshwa tena, wapiga makasia wakicheka na yeye akiomba Mungu kwa Kifipa. Kutoka Ninde hadi Wampembe njia ya ufukweni ni mawe matupu. Aliisukuma baiskeli njia nzima, na inasemekana alifika nayo begani. Lakini alifika na fedha zake, na wale wa Kasanga walikesha bure.

Kwa kisa hicho na vingine kama hicho, naamini kituo kidogo kilikuwa na kazi ambayo gati haliwezi kuifanya. Gatini unaonekana. Serikali ya kikoloni ilikuwa na macho Kigoma na Kasanga, bandari zote mbili zilizojengwa kwa ajili ya askari, shehena na kodi. Kwenye vituo vya mitumbwi macho yalikuwa ya shangazi zako. Karema kulikuwa na misheni ya White Fathers tangu 1885, na pale alihudumu kwa miongo mingi daktari Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomea utabibu Malta. Wagonjwa wa mwambao walipelekwa kwake kwa maji, kwa mitumbwi, na meli ilipopatikana, kwa meli. Hao nao walishukia njiani. Hakuna aliyekuwa akienda mwisho wa safari.

Kisa kingine ni cha shangazi yangu mwenyewe, nilikuwa nimekwisha kuanza kazi wakati huo. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, tiketi yake ya Mpulungu, mafurushi yake matatu. Ninde, mtumbwi wa kwanza ulipogusa meli, mtu alimwita kutoka chini: "Mama, msiba kwenu. Kaka yako mkubwa." Ndivyo habari zilivyosafiri, waliokuwa mitumbwini walikuwa posta yetu. Shangazi hakulia pale. Alimgeukia mwenzake wa biashara, mwanamke wa Ujiji, akamwonyesha mafurushi: "Haya ni yako mpaka urudi." Wampembe akashuka na kanga mbili na mkoba. Meli iliporudi kutoka Zambia, yule mwanamke aliteremsha kwa mtumbwi, kwa mkono wa mpiga kasia, fedha zimefungwa kwenye kitambaa pamoja na karatasi ya hesabu. Hazikupungua. Nauli ya kipande cha safari ambacho shangazi hakusafiri haikurudishwa, wala hakuna aliyeidai. Nafasi yake pale dekini ilijaa kabla meli haijang'oa nanga.

Namtaja shangazi kwa sababu mpwa wangu anayeishi Marekani alinipigia simu si muda mrefu uliopita akiwa na lalamiko. Walikuwa wamepanda meli ya starehe yeye na mkewe, moja ya zile za ghorofa nyingi zenye mabwawa ya kuogelea juu. Katikati ya matembezi wakataka kushukia bandari iliyo karibu zaidi na kwao, wapande gari waende zao nyumbani. Wakaambiwa haiwezekani, au wakishuka watalipishwa faini. "Mjomba, mbona Liemba tulikuwa tunashuka tu?"

Nilikwenda kulisoma jambo hilo, maana mwalimu hastaafu kabisa. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Inakataza meli ya kigeni kupakia abiria katika bandari moja ya Marekani na kumshusha katika nyingine, isipokuwa imepitia kwanza bandari ya mbali nje ya nchi. Nia ilikuwa kuwalinda wenye meli wa Marekani dhidi ya wageni. Faini ilianza na dola 2 kwa kila abiria, mwaka 1898 ikapandishwa hadi dola 200, na leo ni mamia kadhaa. Anayetozwa ni mwenye meli, naye humgeuzia abiria. Meli nyingi za starehe zimesajiliwa nje, kwa hiyo mtu anayeshuka mapema karibu na kwake anaweza kuonekana amefanya safari iliyokatazwa, hata kama alichofanya ni kukumbuka nyumbani. Na nyingi za meli hizo za ghorofa, nisisahau, zimeundwa na kiwanda kile kile cha Meyer cha Papenburg. Hiyo ndiyo shughuli yake kubwa siku hizi. Liemba ni dada yao mkubwa, ingawa sidhani kama wanamkaribisha kwenye picha za familia.

Kwetu meli ilikuwa ya serikali, chini ya mashirika ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, kisha chini ya mashirika ya Tanzania. Injini za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 ikatiwa dizeli. Mimi ni wa kizazi kilichouona moshi wake ukitangulia upeo wa macho kabla ya meli yenyewe. Ilipita mbele ya nchi nne, na hakuna aliyemwuliza mtu wa Kala kwa nini anashuka Kala. Kasanga peke yake ndiko maofisa walikopanda na mihuri, kwa ajili ya wanaovuka.

Hata wageni walijifunza kushuka kama sisi. Watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza kazi yao juu ya sokwe wa Mahale mwaka 1965, wakiongozwa na Toshisada Nishida, hakukuwa na barabara huko. Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na watalii wa bei nafuu waliozoea kupanda Liemba walishukia Lagosa katikati ya usiku, mikoba yao mikubwa migongoni, wakipokewa na mikono ile ile iliyopokea watoto wetu. Nimemwona kijana wa Kizungu amekaa katikati ya mtumbwi, ameshika kingo zote mbili kwa nguvu, kuku kwenye mapaja yake ambaye hakuwa wake. Alitabasamu. Watu wakampenda.

Lakini mara mbili katika maisha yangu maneno hayo, bandari iliyo karibu na kwenu, yamekuwa na uzito mwingine kabisa.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuangushwa, Liemba ilikodiwa na Umoja wa Mataifa kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma kwenda Uvira. Kwa miezi mitano ilikwenda na kurudi, na watu zaidi ya 75,000 wakapelekwa. Niliwaona wakipanga mstari bandarini. Wengi kwao hakukuwa Uvira. Kulikuwa Fizi, Baraka, milimani huko. Uvira ndiyo bandari ambako meli ilikuwa inakwenda, wao wakajihesabia yaliyobaki.

Mwaka 2015 ikawa kinyume. Vurugu za Burundi zilipoanza, makumi ya maelfu ya watu walivuka wakajikusanya Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kwenye mpaka, kimebanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Barabara haikuwepo, njia ilikuwa ziwa. Liemba ikapelekwa, ikatia nanga mbali kidogo, na mitumbwi ya wavuvi ikaanza kuwasomba watu kuwapandisha melini, mia sita hivi kwa safari moja, hadi Kigoma, kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha Nyarugusu. Magazeti ya dunia yaliandika: meli ya Kaiser yaokoa wakimbizi. Sawa, ni kweli. Lakini meli ya Kaiser ilikuwa imesimama majini. Waliowatoa watu Kagunga, mmoja mmoja, wazee na wajawazito na wagonjwa, wakawainua mpaka kwenye ule mlango wa deki ya chini, ni wavuvi na mitumbwi yao. Walifanya siku zile kile ambacho baba zao walifanya tangu 1927, ila kwa kuelekea juu.

Ndiyo maana nasema historia ya Liemba iliyoandikwa ni nusu. Meli isiyo na gati haina kazi bila mtu wa kuipokea. Kwa zaidi ya miaka tisini, kila abiria aliyefika Sibwesa, Ikola, Kabwe au Kala alifikishwa na mtu ambaye hakuajiriwa na meli, hakuwa na bima wala sare, na ambaye mtumbwi wake ulikuwa wa kwake mwenyewe. Wapo waliozama, na wapo abiria waliozama nao. Sitaki kuyapamba mambo haya. Mtu anayesema kushuka usiku kwenye mtumbwi kulikuwa na utamu wake, mara nyingi hakuwa ameshika mtoto.

Mambo sasa yanabadilika. Liemba ilisimamishwa kwa matengenezo makubwa. Gati za kisasa zimejengwa Kabwe na Karema, ile ya Karema ikilenga Kongo ng'ambo na shehena ya malori. Barabara nazo zimeteremka ukingo mahali pengi. Ni maendeleo tuliyoyaomba, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi.

Ninachokiogopa ni hesabu itakayofuata. Nimesikia ikisemwa, na watu wenye akili zao, kwamba meli ikirudi isimame kwenye gati tu: ni salama, ni haraka, mafuta yanapungua. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mama wa Wampembe mwenye magunia mawili ya dagaa hataweza kwenda kuyapandisha Kabwe, kilomita nyingi kaskazini, ili meli ipite nayo mbele ya nyumba yake. Atapanda boti la mbao lililojaa kupita kiasi, na ziwani siku ya kusi, hilo ndilo linaloua.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaopanga ratiba mpya ni hili. Wekeni gati dogo, hata la mbao na nguzo, Ninde, Wampembe na Kala. Mpaka litakapojengwa, meli iendelee kusimama, mitumbwi iandikishwe, wapiga makasia wapewe maboya ya kujiokolea na malipo yanayojulikana kabla abiria hajaketi. Na kwenye tiketi, andikeni majina ya vituo vyote.